Chupa ya Wifi

Kabla watu hawajamwita Chemchemi, walimwita Mama Dirisha, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwa jasho. Alikuwa mwokaji katika kiwanda kidogo cha mikate, kile chenye bomba la moshi lililoinama upande mmoja. Kila asubuhi, mikate ikishatoka tanurini, alijifuta uso, akafunga kitambaa kisafi kichwani, akasukuma dirisha la mbao linalotazama barabara, akauza kwa mkono wake kile alichokioka kwa mkono wake. Mzee asiye na meno alipewa mkate laini wa katikati ya trei bila kuomba. Dereva wa lori la mchanga alipewa ulioungua kidogo kwa chini, maana ndivyo alivyoupenda, ila mkewe alikuwa hataki kuuona mezani. Mjamzito hakupanga foleni, na aliyenung'unika alijibiwa papo hapo mpaka akanywea. Watu walikuja kununua mkate, wakaondoka na mkate, salamu na neno la kuchekea njiani.

Kukimbia alianza ukubwani, akiwa tayari ana mjukuu. Hakuna daktari aliyemshauri, wala hakuwa na unene wa kupunguza. Ni joto la tanuri tu. Mtu anayeshinda mbele ya moto akitoka nje anatafuta upepo, na siku ambazo upepo haukuwepo, yeye aliutengeneza kwa miguu yake: alivua aproni, akabana mkoba kwapani, akaenda nyumbani mbio. Watoto wa mtaani walimfuata nyuma wakimcheka, kisha wakaacha, kwa sababu hawakumpata. Mumewe, fundi viatu, ndiye aliyegundua kwamba mambo yamekuwa mambo, maana soli za mkewe zilikuwa zinakwisha haraka kuliko za mteja wake yeyote. Alizishona raba za mkewe upya kwa soli nene, akaziweka mlangoni zikiwa zimeelekea nje.

Sasa, katika mji ule kila mwaka kulikuwa na mbio za wafanyakazi. Si mbio za mchezo. Zilianzia uwanja wa mpira, zikapita barabara ya viwandani, zikazunguka mabwawa ya maji taka ambako hata mwenye mafua alibana pua, zikapanda mlima wa hospitali, ndipo zikarudi uwanjani. Mtu mwenye mapafu mazuri zilimchukua saa mbili na ushee, katikati ya jua. Kwa wanawake, kombe lilikuwa kama limenunuliwa. Lilikwenda kila mwaka kwa dada mmoja mpeleka vifurushi, mrefu, mkavu, aliyezunguka mji mzima kwa miguu kutwa nzima na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuona akihema.

Mama Dirisha akajiandikisha. Kiwanda kizima kikavimba kichwa, na aliyevimba kuliko wote ni wifi yake.

Huyu wifi, dada wa fundi viatu, ndiye aliyekuwa mkuu wa kukanda unga. Mwanamke wa mikono minene na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Yeye na Mama Dirisha walifanya kazi chumba kimoja, mmoja kwenye beseni, mwingine kwenye tanuri, na walitaniana kutwa kama mawifi wanavyopaswa kutaniana. Mmoja alidai kaka yake aliozwa kwa huruma, mwenzake akajibu kwamba ni kweli, yeye ndiye aliyehurumia. Ukiwasikia kwa mara ya kwanza ungetafuta mtu wa kuwaamua. Ukikaa kidogo ungegundua kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kula kabla mwenzake hajakaa.

Wiki ya mbio, wifi akaja na kopo la unga wa kinywaji cha wanamichezo, wenye rangi ya kijani ambayo sijui ni ya tunda gani duniani.

"Wanaoshinda hawanywi maji matupu," akasema. "Niachie mimi."

"Umesoma kopo linasemaje?"

"Nisome kopo? Mimi? Nimekanda unga tangu hujaolewa, leo kopo linifundishe kukoroga?"

Hapo ndipo palipoharibika. Kwa sababu katika maisha yake yote kazini, kitu kimoja tu cha majimaji na chenye utamu wifi alikijua kukitengeneza, nacho ni shira ya kupaka juu ya skonzi. Na shira ina kipimo chake ambacho kila mwokaji anakijua: unachovya kijiko, unakigeuza, na mgongo wa kijiko ukibaki umevaa, shira imekubali. Basi wifi akamimina unga wa kijani chupani, akakoroga, akachovya kijiko, akakigeuza. Kijiko uchi. Akaongeza. Bado uchi. Akaongeza tena, akiamini kabisa kwamba waliotengeneza kopo ni wachoyo, mpaka kijiko kikavaa kijani kibichi cha kung'aa, naye akatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi ya heshima. Mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa wifi yake aliyamimina mle ndani.

Siku ya mbio Mama Dirisha alikunywa chupa nzima kabla ya kuanza na nyingine njiani. Mpaka mabwawani alikuwa wa pili, mgongo wa yule dada wa vifurushi uko mbele yake, anauona. Kisha tumbo likaanza kujaa. Likawa zito, likawa linacheza, kila hatua linapiga kama ndoo iliyobebwa na mtu mwenye haraka. Kiu ikamshika kuliko kabla hajanywa. Alipofika chini ya mlima wa hospitali, mahali ambapo watazamaji hujazana kwa sababu ndipo wakimbiaji huonekana wakiteseka vizuri, akasimama, akashika magoti, na vyote vya kijani vikatoka kwa pamoja, tena kwa nguvu na kwa mbali.

Muuza magazeti wa pale kona, mtu ambaye mdomo wake unauza kuliko magazeti yake, akapiga ukelele.

"Jamani, njooni muone chemchemi!"

Basi. Jina limepatikana. Kufika jioni mji mzima ulikuwa nalo.

Ingekuwa ni fundi bomba au mshona nguo, yangepita. Lakini huyu alikuwa muuza chakula. Wateja walifika dirishani wakiwa wamekwishacheka tangu mbali. "Chemchemi, huu mkate ni mkavu au umeshautilia kitu?" "Mama, leo kuna wa kijani?" Aliwajibu kwa siku kadhaa, na aliwajibu vizuri, maana ulimi anao. Lakini mzaha wa mtu mmoja unajibika, wa foleni nzima unakuchosha. Akaanza kuwapa watu mikate bila kuwatazama. Na mwenye kiwanda, ambaye walimwita Bosi mbele yake na Baba Risiti nyuma yake, akamwita ofisini.

"Si kwamba wewe ni mbaya," akasema, akipanga kalamu zake. "Ila mteja akinunua mkate, hataki kukumbuka mambo mengine. Kaa kwenye tanuri kwanza, mpaka wasahau."

Dirisha akapewa binti yake Bosi, msichana mzuri mwenye simu, aliyempa mzee asiye na meno mkate wa jana na dereva wa lori mkate mweupe kama pamba. Mama Dirisha aliyasikia yote kutoka ndani, amesimama mbele ya moto na ule ubao mrefu wa kutolea mikate. Ilimuuma. Nasema ilimuuma kwa sababu baadaye kuna waliodai kwamba alikuwa hajali. Alijali. Alioka mkate akiwa anajua unakwenda kwa nani, na sasa ulikuwa unapita kwenye tundu na kupotea.

Na kumbuka kwamba hakuna aliyejua habari za kijiko na shira. Watu walisema alikula vibaya, walisema ni uzee, walisema mwanamke mwenye mjukuu akae na mjukuu. Mumewe mwenyewe alimuuliza siku moja, taratibu, akigonga soli: "Kwani ulikunywa nini siku ile?" Mkewe akajibu, "Nilikunywa vibaya tu." Wifi alikuwa amekaa pale pale. Tangu siku hiyo wifi hakumtania tena. Kazini alikanda unga kimya, akiupiga kuliko kawaida, na mikate ya kipindi kile ilitoka migumu.

Hilo la kunyamaza ndilo lililomshinda Mama Dirisha. Kuchekwa na mji aliweza kustahimili, lakini kutotaniwa na wifi, hapana. Siku moja walipokuwa wanaosha matrei alimkabili.

"Mwaka huu nakimbia tena."

Wifi hakuinua kichwa. "Kimbia. Mungu akutangulie."

"Na wewe utanitengenezea chupa."

"Hiyo sahau."

"Nani mwingine? Kaka yako? Yule atanipa gundi ya viatu."

Wifi akajikaza asicheke, akashindwa, akacheka huku machozi yanamtoka, na mikono imejaa povu hawezi kuyafuta. "Kunywa maji tu, wifi yangu," akasema. "Maji hayana kesi."

Maji wakayajaribu kweli. Kwa mbio fupi za jioni hayakuwa na neno, na alirudi mzima. Lakini walipopima njia yote, ile ndefu, miguu ilimwishia baada ya mlima. Haikumuuma. Ilikuwa imeisha tu, kama tanuri ambalo kuni zake zimebaki jivu, na barabara iliyobaki aliimaliza anatembea huku wifi akimsindikiza kwa baiskeli ya kusambazia mikate. Ndipo wakaenda kwa mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, kijana mpole mwenye filimbi shingoni hata siku za mapumziko, na wifi akasimulia yote bila kujificha: kopo, kijiko, mgongo wa kijiko.

Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulimpa shira."

"Ilikuwa shira nzuri," wifi akajitetea.

"Sina shaka. Lakini tumbo la mtu anayekimbia halitaki shira. Kitu kizito namna hiyo hakishuki, kinakaa pale, tena kinavuta maji ya mwili kwenda kukizimua. Ndiyo maana alizidi kupata kiu." Akawaeleza bila kujigamba. Kwamba kwa mwendo mfupi maji yanatosha na kopo ni kupoteza pesa. Kwamba ukikimbia saa mbili juani, mwili unamaliza sukari yake na jasho linaondoka na chumvi, kwa hiyo hapo sukari kidogo na chumvi kidogo ndani ya maji mengi vinasaidia. Kwamba anywe mafunda madogo, mapema, asingoje kiu. "Na kubwa kuliko yote, siku ya mbio usinywe kitu ambacho tumbo lako halijakizoea. Tumbo nalo linafanya mazoezi."

"Nikinywa hivyo nitashinda?" Mama Dirisha akauliza.

"Kinywaji hakikimbii, mama. Kinakusaidia tu usifike mwisho mtupu. Kukimbia utakimbia wewe."

Hilo alilipenda.

Wakaanza. Wifi aliazima miwani ya kaka yake, akakaa na kopo jipya, akalisoma pande zote kama anatafuta jina lake. Alipofika kwenye kipimo aligundua kwamba ule mwaka uliopita alikuwa amempa mwenzake chupa moja yenye unga wa ukoo mzima. Akalifunika kopo, akaenda nje kidogo, akarudi. Kisha wakawa wanaingia barabarani kila wapatapo nafasi, mmoja kwa miguu, mwingine juu ya baiskeli, kreti ya mikate nyuma imejaa chupa. Nao mji ukapata kitu kingine cha kucheka. Wifi hakuwa mtu wa baiskeli. Alipiga kengele mahali ambapo hapakuwa na mtu, na kwenye kona alipiga kelele yeye mwenyewe.

Si kila chupa ilikubali. Moja wifi aliongeza chumvi kwa mkono mwepesi wa mkandaji, Mama Dirisha akaitema njiani akisema hayo ni maji ya kuoshea samaki. Nyingine ilimfanya abeuke mpaka nyumbani. Mara alikunywa mengi kwa pamoja, tumbo likaanza ile ngoma yake ya zamani, na wote wawili wakasimama kando ya barabara wakitazamana kwa hofu mpaka likatulia. Kidogo kidogo wakaipata: ile ya kopo, kwa kipimo cha kopo, na chembe ya chumvi ambayo mwalimu aliikubali. Wifi, ambaye hakuweza kuishi bila kijiko, akajitungia jaribio jipya. Alichovya, akageuza. Kijiko kikibaki kimevaa, anamwaga. Tone likiteleza na kuacha mgongo wa kijiko safi, anafunga kizibo na kusema, "Hii inapita." Na utani ukarudi. Jioni moja Mama Dirisha alimuacha wifi nyuma na baiskeli yake, na wifi akamwita kwa sauti yake yote barabara nzima ikisikia: "Ngoja basi, bibi wa watu! Unakimbilia wapi na kaka yangu yuko nyumbani?"

Siku ya mbio jua lilitoka likiwa limekasirika. Uwanjani wadhamini walikuwa wameweka meza za vinywaji vya kila rangi, bure, na wakimbiaji wakawa wanabugia kwa sababu ni bure. Mama Dirisha akapita kando. Alikuwa na chupa yake ndogo mkononi, na wifi alikwishatangulia kwenda kumngoja njiani na nyingine.

Kule mbele yule dada wa vifurushi aliondoka kama kawaida yake, kimya na mrefu. Meza za maji hakuzigusa. Alikuwa na msimamo kwamba kusimama ni kupoteza, na kwa miaka yote msimamo huo ulimlipa. Mama Dirisha akakimbia mwendo wake. Barabara ya viwandani, funda. Geti la karakana, funda. Harufu ya mabwawa, akabana pumzi, akapita, funda. Mgongo ule mrefu ulikuwa mbali kuliko mwaka jana, akauacha uwe mbali. Miguu ilikuwa inaitika, na tumbo lilikuwa kimya.

Kisha akauona mlima wa hospitali, na watu.

Walikuwa wengi kuliko kawaida. Walikuwa wamemjia yeye. Mbele yao amesimama muuza magazeti, ameinua juu kitu chekundu, na Mama Dirisha alipokaribia akaona ni ndoo. Ndoo ya plastiki, mpya, ameinunua kwa kazi hiyo.

"Chemchemi! Nimekuletea ndoo! Safari hii tusipoteze!"

Kicheko kikapanda mlima mzima. Na hapo hapo, tumbo ambalo lilikuwa limetulia njia yote likajikunja. Hakikuwa kinywaji, ilikuwa kumbukumbu. Mahali ni pale pale, nyuso zile zile, hata lile bomba la maji kando ya barabara alilosimama karibu nalo mwaka jana lilikuwepo. Hatua chache mbele ya ndoo alisimama wifi, amenyoosha mkono, chupa mkononi.

Angeweza kuipita. Mlima si mrefu kiasi hicho, mtu angeweza kujiambia kwamba atakunywa juu, mbali na macho ya watu. Aliufikiria uamuzi huo kwa hatua moja, mbili. Lakini alijua mlima ndiko miguu inakoishiwa, na aliuona uso wa wifi. Wifi hakuwa anapiga kelele. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mwanamke yule alikuwa barabarani amefunga mdomo.

Mama Dirisha akaichukua chupa. Akapunguza mwendo mbele ya umati wote, akaiinua juu ili walioko nyuma nao waone, akanywa. Funda moja. Akameza. Funda la pili. Akameza. Muuza magazeti akasogeza ndoo. Mama Dirisha akamrudishia wifi chupa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akamtazama yule bwana na ndoo yake.

"Hiyo ndoo kachotee maji, unywe," akamwambia. "Jua kali."

Akaupanda mlima. Kicheko kikalipuka nyuma yake, na safari hii hakikuwa cha kumcheka yeye. Kisha akasikia sauti ya wifi, ile ya ng'ambo ya mto, imerudi yote: "Huyoooo! Mshikeni basi! Mshikeni!"

Juu ya mlima aliuona ule mgongo mrefu, na ulikuwa umebadilika. Mabega yamepanda, mikono inapiga hewa ovyo. Yule dada hakuwa ameanguka wala kusimama, si mtu wa kuanguka, ila alikuwa anafika mwisho wa alichonacho, na jua halikumwachia kitu. Mama Dirisha alikijua kile kitu. Alikuwa amekiona kwenye miguu yake mwenyewe siku za maji matupu. Akajisikiliza. Kulikuwa na kuni bado. Akaongeza moto.

Walikuwa sambamba kwenye geti la uwanja. Yule dada akageuza kichwa, akamuona, akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia: akahema. Wakaingia pamoja, watu wamesimama kwenye viti, na katika ile robo ya mwisho ya uwanja bibi mwenye mjukuu, mwokaji, aliyetapika kijani mbele ya mji, akapiga mbio kama anakimbilia mikate inayoungua, akaukata utepe kwa kifua peke yake.

Uwanja ulilia kwa shangwe. Mumewe, mtu wa maneno machache, alikuwa amevua kiatu kimoja na anakipunga hewani, na mpaka leo hajui kwa nini. Wifi aliingia na baiskeli mpaka ndani ya uwanja, kinyume cha amri, akaiangusha, akamkumbatia Mama Dirisha wakaanguka wote. Kisha Mama Dirisha akainuka, akaitafuta chupa iliyobaki kwenye kreti, akampelekea yule dada wa vifurushi aliyekuwa amekaa chini kwenye nyasi. Dada akainusa kwanza.

"Hii ndiyo ile ya mwaka jana?"

"Ingekuwa ile, ungeshinda wewe."

Dada akacheka, akanywa.

Jukwaani walimpa kombe na kipaza sauti. Bosi alikuwa safu ya mbele, suti mpya, amekwishawaambia watu watatu kwamba yeye ndiye aliyemlea kimichezo. Alikuwa na mipango. Picha ya mwokaji wake itawekwa ukutani, mkate utaitwa mkate wa bingwa. Mama Dirisha akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama anavyoshika ubao wa tanuri.

"Ahsanteni," akasema. "Sina mengi. Wanaotaka mkate, kesho mimi niko dirishani."

Hakuomba. Alitangaza. Uwanja mzima ukageuka kumtazama Bosi, na Bosi, ambaye alijua hesabu kuliko kitu chochote, akaanza kupiga makofi kabla ya mtu mwingine.

Asubuhi foleni ilivuka barabara. Alijifuta uso, akafunga kitambaa kisafi, akasukuma lile dirisha la mbao, mbao zikalia kama zilivyolia siku zote. Mzee asiye na meno alikuwa wa kwanza, akapewa wa katikati ya trei, akaushika mkononi muda mrefu bila kuondoka. Dereva wa lori alipewa wake ulioungua. "Huu ndio mkate," akasema, karibu kulia, mwanaume mzima. Mama Dirisha alimtazama kila mtu usoni.

Kisha ikafika zamu ya muuza magazeti. Alikuja bila ndoo. Alikuwa na gazeti lenye picha ya bingwa, akaliweka dirishani kama zawadi, na foleni nzima ikatega masikio. Nyuma ya Mama Dirisha, ndani, wifi aliacha kukanda.

"Nimekubali," akasema muuza magazeti. "Lakini niambie ukweli. Jana nimekuona kwa macho yangu unakunywa na hakikutoka. Nani alikutengenezea?"

"Wifi yangu." Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Yule pale, mkuu wa unga. Hakuna kama yeye."

"Hongera zake. Na kile cha mwaka jana je? Kile cha kijani? Kile nacho alikutengenezea nani?"

Mle ndani hakuna beseni lililolia. Mama Dirisha hakugeuka nyuma. Akauchukua mkate, wa moto bado, akaufunga kwenye karatasi, akaupenyeza dirishani mpaka mikononi mwa yule bwana.

"Kile nilitengeneza mwenyewe," akasema. "Lete pesa, watu wanangoja."

Ndani, wifi alishika unga kwa mikono yake miwili, akainama juu ya beseni, akaanza kukanda taratibu, na mikate ya siku ile ilitoka laini.